Pikapu ya Songwe haihesabiwi kwa kilomita peke yake

Kitabu cha mwongozo kinachokuja na pikapu za kazi, kama Hilux au Land Cruiser, huwa na ratiba mbili za matengenezo. Ya kwanza ni ya gari la kazi nyepesi: lami safi, mzigo wa wastani, safari ndefu zisizo na kusimamasimama. Ya pili ni ya mazingira magumu, na humo vimetajwa vumbi, matope, mzigo mzito, kuvuta tela, safari fupifupi na injini kuunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama. Mwenye pikapu aliyeko Tunduma, Vwawa, Mkwajuni au Itumba aisome ya pili. Ile ya kwanza haikuandikwa kwa ajili yake.

Sababu ni nchi yenyewe. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una baridi ya Mbozi kwenye kahawa na joto la bonde la Ziwa Rukwa upande wa Kamsamba, na pikapu moja inaweza kupita kote huko ndani ya siku moja. Barabara kuu ya kwenda Zambia ni lami, na ya Mpemba hadi Isongole kule Ileje pia imetiwa lami. Lakini mahindi hayaoti kando ya lami, wala dhahabu haichimbwi hapo. Mzigo unafuatwa porini, kiangazi kwenye vumbi na masika kwenye tope.

Tuanze na oili ya injini, maana hapo ndipo wengi hujidanganya kwa kuitazama dashibodi. Katika mazingira yetu, badilisha oili pamoja na filta yake kila kilomita 5,000 au kila miezi sita, lolote litakalotangulia. Ila kilomita hazisemi yote. Foleni ya malori ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, ikifunga mji wa Tunduma, pikapu iliyonaswa katikati huunguruma saa nzima bila namba kusogea. Injini ya dizeli ikiunguruma hivyo haipati joto la kutosha; mafuta hayaungui vizuri, masizi huongezeka, na sehemu ya dizeli huchuruzika kupita ringi za pistoni hadi kwenye oili na kuifanya nyepesi. Kwenye miongozo ya baadhi ya magari yake ya kazi, Ford huhesabu saa moja ya hali hiyo kuwa sawa na mwendo wa maili 25, yaani takriban kilomita 40. Chukua dereva anayeunguruma saa mbili kwa siku, siku sita kwa wiki. Hizo ni kilomita 480 kila wiki ambazo dashibodi haizioni. Kwa wiki kumi zinafika 4,800, karibu muda mzima wa oili. Anayefanya kazi mpakani aandike saa hizo kwenye daftari la gari na kuzijumlisha na kilomita.

Vumbi lina mlango wake, nao ni filta ya hewa. Chembe za mchanga ni ngumu kiasi cha kukwaruza silinda na ringi. Mwishowe injini hupoteza nguvu, huanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Kiangazi, fungua filta uikague kila servisi, na kama unapita barabara za machimbo, kila wiki. Ukiipuliza kwa upepo wa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, tena kwa nguvu ndogo. Filta ya karatasi haifuliwi. Kisha pitisha kidole safi ndani ya bomba linalotoka kwenye filta kwenda injini: kidole kikitoka na vumbi, basi mpira wa filta haukai sawasawa au karatasi imetoboka, na filta hiyo haifai hata kama inaonekana mpya.

Masika huleta tatizo ambalo halionekani kwa nje. Difu iliyopata moto barabarani ikiingia ghafla kwenye maji ya mto, hewa iliyo ndani hupoa na kusinyaa, nayo difu huvuta. Kipumulio kikiwa kimeziba kwa tope, maji huingia kupitia sili. Oili ya difu yenye maji hubadilika rangi ikawa kama maziwa, na beringi hufa pole pole. Ukivuka maji yaliyofika katikati ya magurudumu, mwambie fundi alegeze nati ya difu aangalie, na apige griisi kwenye nipeli za propela shafti siku hiyo au kesho yake, bila kungoja kilomita.

Kuhusu breki nitasema jambo moja ambalo gereji nyingi huliruka. Fluidi ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Fluidi mpya ya DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Ikishanyonya unyevu inaweza kushuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu kama Senjele, ukiwa na tani moja nyuma, joto hilo linafikika, fluidi inatoa mapovu, na pedali inazama hadi chini. Kuongeza fluidi juu ya ile ya zamani hakusaidii kitu. Imwagwe yote na kubadilishwa kila miaka miwili au kilomita 40,000.

Rejeta nayo iwekewe kolanti, si maji ya bomba: huzuia kutu, na hapa juu mlimani maji matupu huchemka mapema zaidi. Filta ya dizeli imwagwe maji yake chini kila servisi.

Imebaki taiming belti, ambayo haina dalili. Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ hubadilishwa belti kila kilomita 100,000. Hilux za 2KD na 1KD ni 150,000. Zile mpya za GD zina mnyororo. Belti ikikatika injini ikiwa inazunguka, pistoni hugonga valvu, na hapo unazungumzia kufungua kichwa cha injini. Taa ya T-BELT hukumbusha, lakini mtu anaweza kuizima bila kubadilisha chochote. Kwa hiyo ukinunua pikapu iliyotumika, iwe imetoka Japani au kwa jirani, na hakuna karatasi inayoonyesha belti ilibadilishwa kilomita ngapi, badilisha kabla hujapakia mzigo wa kwanza. Wakati kava liko wazi, badilisha na beringi ya kukazia belti, kisha andika tarehe na kilomita kwenye kava lenyewe kwa kalamu isiyofutika.