NGAO BILA NGOZI NI KIBAO CHA CHAPATI!

Watoto wa mjini, mnajua kuna mfalme aliyewahi kutunga sheria kwa sababu ya ngozi ya kondoo? Si utani. Mfalme Athelstan wa Uingereza, aliyefariki mwaka 939, alipiga marufuku mafundi kufunika ngao kwa ngozi ya kondoo. Ukikamatwa, faini shilingi 30. Na msicheke, shilingi 30 za enzi hizo hazikuwa za kununulia bigijii. Ungeweza kuondoka mnadani na ng'ombe kadhaa! Ngozi ya kondoo ni laini na dhaifu. Fundi mjanja angeweza kuuza ngao ya kupendeza, halafu mteja akaenda kugundua ujanja huo mbele ya adui.

Sheria hiyo niliikumbuka nikiwa Titye, wilayani Kasulu, juu kule kwenye baridi ya Kigoma. Nilikwenda na vijana wa kikundi kimoja cha sanaa cha Kasulu mjini. Wana mchezo wao wa kuigiza, vita vya zamani, mapanga ya mbao, ngao za mbao, makelele mtindo mmoja. Watu wanaupenda. Shida ilikuwa ngao. Walichukua mbao nyembamba, wakaziunga kwa gundi, wakakata duara na kupaka rangi mpaka zinang'aa. Lakini wakipigana dakika tano tu, ukingo unameguka, ufa unakimbia kufuata nyuzi za mti, vibanzi vinaruka. Kwenye mazoezi kibanzi kimoja kilimchoma mshikaji juu kidogo ya jicho. Juu kidogo, wapenzi! Mama yake akatamka kwamba mwanawe mchezo huo basi. Na kianzio cha onyesho, la mahafali ya shule, kilikwisha pokelewa na kuliwa.

Kila mtu akaja na dawa yake. Mmoja akataka bati, lakini bati linakata vidole. Mwingine akataka mpira wa tairi, ule wa katambuga, lakini hebu jaribu kucheza na mzigo ule mkononi. Ndipo dada mmoja wa kikundi akasema, "Twendeni kwa babu yangu, anawamba ngoma."

Babu tulimkuta kibarazani. "Mwakeye," akatusalimia, nasi tukampa shikamoo yetu. Akaichukua ngao moja, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaigeuza. "Wajukuu zangu," akasema, "hiki ni kibao cha chapati." Tulicheka. Yeye hakucheka.

Watu wa ngoma wanaijua siri hii tangu zamani. Buha ilikuwa nchi ya wamwami, na katika falme za ukanda huu ngoma ilikuwa alama ya utawala, si kitu cha harusini tu. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, ngoma za kifalme ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Mti wanaoupenda kuchongea ni mringaringa, na Warundi wanauita umuvugangoma, mti unaoipa ngoma sauti. Ngozi inawambwa ikiwa imelowa, inapigiliwa vigingi vya mti ubavuni, basi. Ikikauka inajivuta yenyewe. Hakuna gundi ya dukani inayobana namna ile.

Na hapo ndipo utamu wenyewe. Ngozi ninayoisema ni ngozi mbichi, si ya viatu. Ya viatu imetiwa dawa kiwandani ili ibaki laini. Hii inapakuliwa nyama na mafuta, inakwanguliwa manyoya, inaachwa ikauke hivyo hivyo mpaka inakuwa ngumu kama ubao. Ukiilowesha inalegea kama kitenge kilichotoka kwenye beseni. Ikikauka tena inasinyaa na kung'ang'ania chochote ulichoizungushia.

Babu alitaka ngozi ya ng'ombe, na akakataa ya tumboni. Eti ya tumboni inavutika huku na kugoma kule. Tukapewa ya mgongoni, ikalazwa kwenye maji usiku kucha. Asubuhi nikategemea tutakata vipande vifupi na kuviunga. Wapi! Alikata duara kwanza, kisha akaanza kukata ukanda kwa kuzunguka kutoka nje kwenda ndani, kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda. Ukatoka mkanda mmoja mrefu, upana wa vidole vitatu hivi.

Ngao ikatobolewa matundu kuzunguka ukingo, kila tundu umbali wa kidole na mwenzake, lakini si karibu mno na pembeni, maana hapo mti unapasuka. Mkanda ukakunjwa juu ya ukingo, nusu mbele nusu nyuma, ukabanwa kwa vibanio vya nguo, ukashonwa kwa msharasi na uzi wa ngozi hiyo hiyo. Mimi nilishona robo ya ngao moja, vidole vikaomba likizo. Yule dada alishona tatu. Babu alikuwa anamwangalia sana. Wanawe wa kiume wote wako Dar, wanauza simu. Nikakumbuka kwamba mwaka 2017 Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alitoa agizo la kuwakataza wanawake kupiga zile ngoma za desturi. Babu hakuniuliza maoni yangu. Alimpa mjukuu wake msharasi akae nao.

Baadaye kijana mmoja, kwa haraka zake za mjini, akataka kuzianika juani. Acha apewe kubwa! Jua kali linakausha upande mmoja kabla ya mwingine, ngozi inavuta, mbao zinapinda kama sahani ya bati iliyokanyagwa na lori. Ngao zikalazwa kivulini, zimekandamizwa kwa mawe, siku tatu. Kisha zikapakwa mafuta ya ng'ombe, kwa sababu mvua ikizipata kavu hivyo zinalegea upya.

Msidhani ni ushamba wa Kigoma huo. Mwaka 1880 huko Norway walifukua meli ya Gokstad, ya mabaharia wa Viking, ikiwa na ngao 64 za mbao nyembamba, nusu zimepakwa rangi nyeusi na nusu ya njano. Pembeni zina matundu madogo yaliyozunguka ukingo mzima, ya kushonea pindo. Ngao ya askari wa Kirumi iliyochimbwa Dura-Europos, Syria, na ambayo iko Chuo Kikuu cha Yale, nayo ni ya vipande vyembamba vya mbao vilivyovikwa ngozi. Wamasai wao waligeuza kibao. Ngao yenyewe ni ngozi ya nyati, mti ni fremu tu, na ndiyo hiyo iliyo kwenye bendera ya Kenya tangu 1963.

Siku ya nne tukazijaribu uwanjani kwa babu. Panga la mbao lilipotua ukingoni, mlio ulikuwa mwingine kabisa, mzito. Ngozi ikabonyea kidogo, mbao zikakaa pamoja. Yule mshikaji wa jicho akapiga mara ishirini, akatafuta ufa kwa kucha, hakuna. Babu hakutaka hela. Alitaka ngozi iliyobaki, na mjukuu wake aje kila mwezi.

Kwenye mahafali ngao saba zilipanda jukwaani, zikashuka nzima. Mama wa mshikaji alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, hakupiga makofi mpaka mwisho. Ngao ya nane ilibaki Kasulu. Mafuta yale ya ng'ombe yana harufu tamu, na usiku wa kuamkia onyesho mbwa wa jirani aliingia stoo akautafuna ukingo wote, pamoja na uzi.