Kulaza Wageni katika Nyumba ya Urithi: Faida ni ya Nani?

Kuna swali ambalo miaka hii twaulizwa karibu kila penye kugawanywa mirathi, kutoka Mji wa Kale wa Mombasa hadi Lamu. Zamani warithi wakitujia na neno moja tu: nyumba iuzwe au ikaliwe? Leo pameongezeka la tatu. Watuuliza, “Maalim, kwa nini tusiifanye nyumba ya marehemu baba iwe ya kulaza wageni, tukala faida yake sote?”

Hatutaki kulijibu kwa maneno ya juu juu. Tutaeleza kisa kimoja tulichokihudhuria wenyewe, nasi tumeidhinishwa na wenyewe kukieleza pasi na kuwataja majina.

Nyumba yenyewe iko Lamu, mtaa wa Mkomani. Ni nyumba ya mawe ya kale, yenye daka mlangoni, kiwanda katikati, misana miwili, na ndani zidaka za chokaa ambazo fundi wa leo hawezi kuziiga. Marehemu aliacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Wavulana, mmoja yuko Mombasa na mwenziwe yuko Uarabuni kwa kazi. Mabinti wawili wameolewa Malindi. Yule mdogo wao alirudi nyumbani na wanawe wawili baada ya talaka, naye ndiye aliyebaki na mama yake katika nyumba hiyo.

Mirathi yao ilikuwa nyepesi kuliko nyingi tulizozigawa. Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, fungu lake ni thumuni. Zilizobaki thumuni saba huenda kwa watoto, mwanamume akapata mafungu mawili ya mwanamke, kama ilivyo katika Suratun-Nisaa. Basi kila binti akapata thumuni moja sawa na mama yake, na kila mvulana thumuni mbili. Hapakuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuja baadaye, ulipoingia wageni.

Kaka mkubwa ndiye aliyetuita, mwezi wa Rajabu, baada ya mwaka mmoja wa kulaza wageni. Alikuwa na furaha, kwani alitaka nduguze wakubali kukopa benki fedha za kuongeza vyumba juu. “Bwana Sheikh,” akasema, “nyumba hii kwa usiku mmoja huleta shilingi elfu tisa. Zidisha mara thelathini.”

Tukazidisha. Ni 270,000 kwa mwezi, na kwa mwaka zaidi ya milioni tatu. Kisha tukamuuliza, “Mwanangu, mwaka jana wageni walilala siku ngapi?”

Akanyamaza. Sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya yule mdogo wao: “Tisini na sita, Maalim.” Akamtuma mwanawe alete daftari, la shule, lenye hesabu za mtoto upande mmoja na za nyumba upande wa pili.

Wenye kuijua Lamu hawatashangaa. Wageni huja kwa misimu. Kaskazi ikivuma, Disemba na Januari, mashua za kutoka uwanja wa ndege wa Manda hazipumziki. Julai na Agosti huja tena wale ambao skule zao zimefungwa Ulaya. Masika, Aprili na Mei, nyumba huwa tupu, mvua yapiga, na mwenye nyumba hutafuta penye kuvuja. Na mwezi wa Mfunguo Sita, panapojaa watu kwa ajili ya Maulidi ya Riyadha, wanaojaa ni jamaa zetu kutoka pwani nzima, na hao huwezi kuwatoza. Nani atamwambia mtoto wa shangazi yake kwamba chumba kimelipiwa na mtu wa intaneti?

Tukalisoma daftari pamoja. Siku 96 kwa shilingi 9,000 ni 864,000. Dalali wa mtandaoni alikata asilimia 15, yaani 129,600. Maji na umeme 90,000. Mashuka, vyandarua, sabuni na dobi 60,000. Fundi wa chokaa na boriti mbili za mikoko zilizooza zikabadilishwa, 140,000. Leseni na ada za serikali, ikiwamo ile ada ya utalii ya asilimia 2, jumla 30,000. Zikabaki 414,400. Kila thumuni ikapata 51,800, na kaka akapokea mara mbili ya hizo, yaani 103,600, bila kuvuka maji.

Hesabu ilikuwa safi, wala hapakuwa na aliyeiba. Lakini sisi tuliuliza swali moja: ni nani aliyekwenda gatini saa za magharibi kuwapokea wageni? Ni nani aliyeamka alfajiri kupika mahamri na mbaazi, akafua mashuka, akampeleka kwa daktari yule mzee wa Kijerumani aliyekanyaga chengo? Na wageni wakiwa ndani, yeye na wanawe walilala wapi?

Jibu la yote lilikuwa moja, na la mwisho lilikuwa “kwa khaloo, sakafuni.”

Hapa, ndugu zetu, ndipo penye jambo. Warithi watano walikuwa wakila ujira wa wa sita na kuuita faida. Hawakukusudia dhulma. Walidhani kwamba dada yuko nyumbani, na mtu aliye nyumbani hafanyi kazi. Fikra hii imeenea katika majumba yetu, nasi wanaume tumeilea. Ilhali sheria iko wazi: mrithi ana fungu lake kwa kuwa ni mrithi, na mfanyakazi ana ujira wake kwa kuwa amefanya kazi. Mtu mmoja akiwa yote mawili hustahiki yote mawili, na ujira hutolewa kwanza, pamoja na gharama nyingine, kisha ndipo kigawanywe kilichosalia.

Tukakadiria ujira wa mtunza nyumba kwa shilingi 15,000 kwa mwezi, nao ni wa chini kwa kazi ile. Kwa mwaka ni 180,000. Zikabaki 234,400, na thumuni ikawa 29,300. Uso wa kaka ukabadilika. Tukamwomba avumilie hesabu moja zaidi: lau nyumba hii mngempangisha mwalimu au mfanyakazi wa kaunti kwa shilingi 20,000 kwa mwezi? Ni 240,000 kwa mwaka, umeme na maji ni juu yake mwenyewe. Toa 50,000 za matengenezo, zabaki 190,000. Hata kodi ile ya pango la makazi, ya asilimia 7.5 tangu Januari 2024, isingewafikia, kwani huanzia mapato ya 288,000 kwa mwaka. Tofauti baina ya mambo mawili haya ni shilingi 44,400 kwa mwaka mzima, kwa familia nzima. Kwa thumuni ni 5,550.

Kwa fedha hizo mtu anunua dhiki nyingi. Na huo ulikuwa mwaka mwema. Watu wa Lamu hawajasahau Septemba na Oktoba 2011, wageni walipotekwa nyara Kiwayu na Manda, serikali za Ulaya zikawaonya watu wao, na majumba yakafungwa msimu mzima. Juni 2014 yakatokea ya Mpeketoni. Machi 2020 likaja janga la korona, na ndege za abiria kutoka nje hazikurejea hadi Agosti. Mwenye mkopo benki huwa hana mwaka mbaya mbele ya benki. Kwa hiyo lile shauri la kukopa kwa riba tulilikataa kwa sababu mbili, na ya kwanza haihitaji kuelezwa kwa Waislamu. Njia za fedha zisizo na riba zipo nchini, lakini nazo ni deni, na deni hulipwa. Isitoshe, Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO tangu 2001, na vyumba juu ya nyumba ya kale haviongezwi kwa matakwa ya mwenye nyumba peke yake.

Wako wanaotuuliza kama jambo lenyewe ni halali. Kukodisha nyumba asili yake ni halali, awe mpangaji Muislamu au si Muislamu. Lililokatazwa ni kumkodisha mtu nawe wajua kwamba ataitumia kwa maasi. Basi masharti na yaandikwe kabla ya kupokea shilingi: hakuna ulevi ndani ya nyumba, na mwenye kupanda juu kabisa avae nguo. La pili si dogo. Nyumba za Lamu zimejengwa ili mwanamke awe huru katika kiwanda chake, na mgeni anayeota jua juu ya paa, pengine bila ubaya wowote moyoni, huona viwanda vya nyumba tatu. Jirani mmoja wa nyumba hii alikuwa ameacha kuanika nguo mwaka mzima, wala hakusema. Haki ya jirani haimo katika daftari lolote. Ama zaka, nyumba yenyewe haitolewi, ila kilichobaki mkononi kutokana na pango, kikifika nisabu na kupitiwa na mwaka.

Tutanguliza neno kwa wazazi walio hai, japo ni kando kidogo. Desturi ya Lamu ya kale ilikuwa binti akiolewa hupewa nyumba na baba yake, au hujengewa orofa juu ya nyumba ya wazazi, hata mitaani mwaonekana wikio lililounganisha nyumba mbili juu ya njia. Desturi njema. Lakini neno la mdomo la “juu ni kwa fulani” halitoshi. Hiba hutimia kwa kukabidhi, mzazi akiwa hai na mzima, na mashahidi wakajua. Tumeona mabinti wengi waliotajiwa nyumba wasikabidhiwe.

Je, basi kulaza wageni hakuna faida? Sisi hatusemi hivyo. Nyumba ya matumbawe iliyofungwa huharibika upesi. Chumvi hula chokaa, mchwa hupanda boritini, na popo huingia. Majumba mangapi Lamu na Shela yameuzwa kwa wageni kwa sababu warithi hawakuweza kununua chokaa? Zile 140,000 za fundi zilitoka kwa wageni, na mpangaji wa mwezi asingezitoa. Twaona kwamba kazi hii yamfaa mrithi aliyepo, anayeishi karibu, anayeipenda na kulipwa kwa kuifanya. Aliye mbali, anayengoja fungu lake kwa simu, afadhali apangishe kwa mwezi, au aliuze fungu lake kwa nduguye.

Kaka alikaa kimya muda mrefu. Mama yao, ambaye hakuwa amesema neno, akauliza, “Na mwanangu arudishiwe za mwaka uliopita?” Tukasema, kwa haki, ndiyo, isipokuwa mwenyewe asamehe. Binti akasema asamehe nusu. Kaka akasema asisamehe kitu, akampigia simu ndugu yake Uarabuni pale pale.

Waliandikiana mbele yetu. Ujira 15,000 kila mwezi, hata mwezi usio na mgeni. Orofa ya juu haikodishwi, hiyo ni ya mama, binti na watoto, na bei ya usiku ikashuka hadi 7,000 kwa ajili hiyo. Mfunguo Sita nyumba ni ya jamaa. Kila mwisho wa mwaka hesabu isomwe mbele ya warithi wote, na baada ya miaka miwili wakae tena waamue kama wataendelea.

Tulipopita mara ya mwisho masika yalikuwa yameanza. Nyumba haikuwa na mgeni hata mmoja. Fundi wa chokaa alikuwa juu ya ngazi, watoto wakicheza daka, na nguo za jirani zilikuwa zimeanikwa barazani pake, mvua isipokuwa imefika upande ule. Daftari jipya, lenye jalada gumu, liko kidakani.