Deni la Hitima

Kila ulipoandama mwezi wa Ramadhani nilinuia kuhitimu Msahafu mzima, na kila mwaka Idi ilinikuta juzuu ya saba au ya nane. Marehemu baba, mvuvi wa hapa Liwatoni, nilimwahidi hitima kwa ulimi wangu mwenyewe, si kwa kualika walimu. Alifariki hajaiona.

Kosa langu, ndugu msomaji, ni kungojea usiku. Baada ya futari na tarawehe, nani ana macho? Labda wewe, mimi sina.

Mwaka 2021, mwaka wa lile daraja la kuelea la kwenda Likoni, mzee mmoja mshona nyavu akaniambia nihesabu kwanza. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604. Juzuu ni 30, kila moja kama kurasa 20. Sala ni tano. Basi kurasa nne kila baada ya sala. Homa ilinichelewesha siku mbili, nikazilipa kidogo kidogo.

Usiku wa kuamkia Idi nikafika Suratun-Nas. Nikamwombea baba, nikaenda kumpasha mama habari. Alikuwa amelala. Sikumwamsha.