Meno ya Mtoto kwa Shilingi 5,000

Ukiwa na shilingi 5,000 tu za meno ya mtoto mwezi huu, nunua vitu viwili: dawa ya meno ya kawaida ya familia yenye floridi, na mswaki mdogo wenye nyuzi laini. Chenji rudi nayo. Dawa ya kitoto yenye katuni, ya mitishamba, ya mkaa, maji ya rangi ya kusukutulia, vyote hivyo vinaweza kungoja, na vingine vingoje moja kwa moja.

Bei nitakazotaja ni makadirio ya duka la kawaida la barabarani, kuanzia Usagara hadi Kigongo, mkoani Mwanza. Za dukani kwako zikiwa tofauti, weka zako. Njia ya kukokotoa ni ileile.

Unacholipia ndani ya tyubu ni floridi. Bakteria wa mdomoni hula sukari wakatoa tindikali, na tindikali ikanyonya madini kwenye ganda la jino. Mate hurudisha sehemu ya madini hayo, na floridi huyafanya yashike vizuri zaidi. Povu na harufu ya mnanaa havizuii jino kutoboka. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floridi kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, kwa hiyo usiihesabu kama kipodozi cha kununua pesa ikibaki.

Geuza boksi. Tafuta neno Fluoride, kisha namba kati ya 1000 na 1500 yenye herufi ppm pembeni. Maandishi ni madogo. Piga picha kwa simu uikuze. Mwenye duka akinuna, anune. Neno lisipoonekana, rudisha. Tazama pia alama ya TBS na tarehe ya kuisha muda, hasa mnadani, ambako boksi huenda limeshinda juani wiki nzima kabla hujalifikia.

Dawa ya kitoto ndipo wazazi wengi wanapopigwa. Tyubu ni ndogo, bei ni kubwa, na baadhi yake zina ppm 500 tu, kiasi kisichotosha kumkinga mtoto. Zipo zenye 1000 na kuendelea, na hizo ni nzuri. Sababu ya maana ya kuzinunua ni moja: mtoto anakataa katakata ya wakubwa kwa kuwa inamwasha ulimi. Kabla hujafika huko, jaribu kumpunguzia kiasi. Mara nyingi kinachowasha ni wingi.

Na kiasi ndicho kinachoamua gharama. Mtoto wa chini ya miaka 3 anatosheka na punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, punje ya njegere, ambayo ni kama robo gramu. Akipiga mswaki mara mbili, anatumia nusu gramu kwa siku. Tyubu ya gramu 100 kwa shilingi 3,000 itamfikisha siku 200, sawa na shilingi 15 kwa siku. Tyubu ya gramu 40 kwa 1,500 itakwenda siku 80, karibu shilingi 19 kwa siku. Ya katuni, gramu 50 kwa 5,000, itakwenda siku 100: shilingi 50 kwa siku.

Kwa hiyo mwenye watoto watatu achukue kubwa bila kujiuliza. Mwenye mmoja, na mfuko umebana, achukue ndogo. Anaongeza shilingi nne kwa siku lakini hatoi 3,000 kwa mkupuo. Hesabu yote hii inakufa pale mtu mzima wa nyumba anapominya mstari mzima juu ya mswaki kama kwenye matangazo. Mzazi ndiye aminye, na tyubu ikae juu asipofikia mtoto, maana wapo wanaoilamba kama asali.

Za mitishamba na za mkaa zina mvuto wa neno asili. Nyingine zina floridi ndani, soma boksi. Isiyo nayo unalipia harufu. Mkaa wa jikoni uliosagwa pamoja na chumvi haugharimu kitu, ila hukwangua ganda la jino na hauachi kinga yoyote.

Sasa mswaki. Ule wa 500 wenye nyuzi ngumu na kichwa kikubwa haufiki magego ya mtoto na unamchubua fizi, halafu kila usiku ni ugomvi. Ongeza mia tano au elfu moja upate wenye kichwa kidogo na nyuzi laini. Unaowaka taa au kupiga muziki betri yake ikifa umebaki na mswaki wa kawaida ulioununua kwa bei ya minne. Badilisha kila baada ya miezi mitatu, au mapema nyuzi zikilala, na watoto wa kutafuna nyuzi huzilaza upesi. Kila mtoto awe na wake. Kubana matumizi kwa mswaki mmoja wa familia ni kugawana bakteria na damu ya fizi.

Mswaki wa mti? Babu na bibi wametunza meno kwa huo, na mtu mzima anayejua kuutafuna na kuusugua vizuri haibiwi chochote. Mtoto wa miaka minne hawezi kuuzungusha mpaka kwenye gego la nyuma, na floridi hauna ya kutosha. Hapo mswaki wa dukani unashinda.

Ukishanunua, kilichobaki ni bure na ndicho chenye kazi zaidi. Mara mbili kwa siku, na ya usiku isikose, kwa sababu akilala mate hupungua. Mpige mswaki wewe mwenyewe mpaka afike miaka saba au minane. Kumwambia tu "nenda kapige mswaki" ni kulipia dawa inayoishia kwenye shati. Akimaliza ateme povu, asisukutue kwa kikombe kizima cha maji, maana anaondoa ile floridi uliyoinunua.

Twende kwenye sukari, ambako pesa nyingi inavuja. Enzi za kivuko, foleni ya Kigongo ilikuwa soko la kila kitafunwa na kinywaji, na mtoto aliyesubiri kuvuka kwenda Busisi alinunuliwa kitu ili anyamaze. Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025 na foleni ikaisha. Duka la jirani limebaki, na pipi ya shilingi 50 haijahama.

Meno hujali zaidi ni mara ngapi kuliko ni kiasi gani. Soda ya mililita 300 ina sukari kama vijiko vinane vya chai, lakini mtoto akiinywa kwa mpigo pamoja na chakula cha mchana, meno yanapata pigo moja. Akiinyonya kidogo kidogo kuanzia saa nne mpaka saa kumi, tindikali inashinda mdomoni. Pipi, ubuyu wa rangi na barafu za sukari zinafanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo ukilazimika kununua kitamu, kiwe kimoja, kiliwe pale pale na chakula, kisha anywe maji.

Na tazama bei. Pipi na barafu za shilingi 200 kwa siku ni 6,000 kwa mwezi. Hizo ni tyubu mbili kubwa, floridi ya siku 400 kwa mtoto mmoja. Mzazi anayesema dawa ya meno ni ghali aanze kuhesabu hapo. Shilingi 200 hizohizo zinanunua karanga, au zinachangia yai la kuchemsha. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ni bora kuliko pipi kwa tumbo, lakini ni matamu na yanaganda kwenye magego, hivyo yafuatwe na maji. Muwa nao una sukari tele, hausafishi meno kama wengi wanavyodai.

Kwa mtoto mchanga, kosa la bei kubwa ni kumlaza na chupa ya uji au chai yenye sukari. Meno ya mbele ya juu hutoboka kabla hajajua kusema. Usiku chupa iwe na maji matupu. Dawa za maji za hospitali nyingi zina sukari pia. Akimeza, mpe maji kidogo baada yake.

Neno fupi kuhusu maji. Ya Ziwa Victoria yana floridi kidogo, kwa hiyo usitegemee bomba likulindie meno. Visima vya baadhi ya maeneo ya bara ya Kanda ya Ziwa, hasa upande wa Shinyanga, vina floridi iliyozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto aliyekulia huko anaweza kuwa na meno yenye madoa ya kahawia ambayo hayajaoza. Usilipie kitu cha kung'arisha. Ulizia RUWASA, wakala wa maji vijijini, kama kisima kimepimwa, na magadi kwenye maharage yapunguzwe, maana nayo huongeza floridi.

Kuna huduma moja ambayo usiikubali hata ikiwa ya bure. Mtoto wa miezi michache akiharisha na kupata homa, utasikia ana meno ya plastiki, au ya nailoni, na fundi wa kuyachimbua yupo jirani. Anachochimbua ni vichipukizi vya meno halisi ya mtoto. Bei utakayotajiwa ni ndogo. Ya baadaye ni maambukizi, jino la ukubwani lililopinda au kukosekana, na kuhara kulekule ambako hakukutibiwa. Pesa hiyo ni nauli ya zahanati.

Mara moja kwa wiki inua mdomo wa juu wa mtoto utazame kwenye mwanga wa jua. Mstari mweupe kama chaki karibu na fizi ni uozo unaoanza, na bado unaweza kurudishwa kwa floridi na kupunguza sukari. Hatua hiyo haina gharama nyingine. Ikifika kahawia na shimo, unaingia kwenye bei za hospitali.

Hapo swali huwa: kuziba au kung'oa? Tuseme kung'oa ni 10,000 na kuziba ni 30,000. Wengi hung'oa. Ila kuna nauli ya mzazi na mtoto kwenda mjini na kurudi, chakula cha njiani, na siku ya kazi iliyopotea. Tuseme vyote hivyo ni 10,000. Sasa ni 20,000 kwa 40,000: tofauti ya mara tatu imeshuka kuwa mara mbili. Kama jino ni la mbele la utoto na limeanza kucheza, ng'oa au liache lianguke. Kama ni gego, ziba ukiweza. Magego ya utoto hushikilia nafasi mpaka miaka 10 hadi 12, na yakiondoka mapema ya ukubwani huota yakisukumana.

Angalia zaidi gego linaloota nyuma kabisa mtoto akiwa na miaka kama 6. Halisukumi jino lolote lianguke, kwa hiyo wazazi hulidhani la utoto na kuliacha litoboke. Hilo ni la maisha. Kama una pesa ya kuziba jino moja tu, ziba hilo.

Usiogope kwamba kuziba lazima kuwe na mashine. Ipo njia ya kukwangua uozo kwa zana za mkono na kuziba kwa saruji maalumu inayotoa floridi, bila umeme na mara nyingi bila sindano. Njia hiyo ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Uliza kituo kama wanaifanya, kwa sababu mtoto huivumilia vizuri kuliko mlio wa mashine.

Maumivu ya usiku hupeleka watu kwenye duka la dawa muhimu kununua vidonge vya antibiotiki vichache. Uvimbe unashuka, shimo linabaki, na mwezi ujao unalipa tena. Panadoli kwa kipimo cha umri wa mtoto imfikishe asubuhi, kisha safari. Aspirini usimpe mtoto, na usitie shimoni mafuta ya taa wala maji ya betri. Uso ukivimba na homa ikipanda, usingoje asubuhi.

Wapi? Kwa mtu wa Kigongo, hospitali ya wilaya Misungwi na ile ya Sengerema ng'ambo ya daraja ndizo za kuuliza kwanza. Sekou Toure na Bugando jijini Mwanza ni za kesi kubwa au rufaa. Piga simu ujue daktari wa meno yupo siku gani, kwani nauli ya kumkosa hairudishwi. Sera ya taifa inawasamehe ada watoto wa chini ya miaka 5 kwenye vituo vya umma, hivyo mwenye mtoto wa miaka minne na shimo asisubiri afikishe mitano. Kifaa kikikosekana utaandikiwa ukanunue nje, kwa hiyo nenda na akiba kidogo. Kama una bima, uliza kabla hujapanda gari: inalipia kuziba, au inaishia kwenye kung'oa?

Na ukifika dirishani, usiulize "kuziba ni bei gani" ukaridhika na jibu. Uliza kama hiyo ni ya jino moja au ya siku nzima, kama kadi na kumwona daktari vimo, picha ya eksirei inalipiwa wapi, ganzi imo au haimo, na kama ukirudi wiki ijayo unalipa upya. Jibu likikupita mfukoni, sema hapo hapo, mwombe daktari aanze na jino lisilongoja na mpange siku ya mengine.