Namba ya Soko la Hisa Maana Yake Nini?

Mkulima asikilizaye habari za redio husikia ya kwamba soko la hisa la Nairobi limepanda au limeshuka kwa pointi kadha. Mwenye fedha za mavuno mkononi huenda akadhani hisa zote zimepanda, akakimbilia kununua. Yafaa kwanza ajue namba hiyo hufanywaje, maana pointi si shilingi.

Hisa ni sehemu ndogo ya kampuni. Zidisha bei ya hisa moja kwa idadi ya hisa zote, utapata thamani ya kampuni nzima. Kipimo kiitwacho NASI, kilichoanza mwaka 2008, hujumlisha thamani za kampuni zote za soko la Nairobi. Jumla ya siku ya mwanzo iliitwa 100, na kila jumla ya baadaye hulinganishwa na hiyo.

Tufanye hesabu ya mfano. Kampuni moja ina hisa 1,000 za shilingi 20, yaani shilingi 20,000. Nyingine mbili zina hisa 100 kila moja, bei shilingi 25, yaani 2,500 na 2,500. Jumla ni shilingi 25,000. Hiyo tuiite 100. Sasa hisa ya kampuni kubwa ipande hadi shilingi 22, na hisa za zile ndogo zishuke hadi shilingi 20. Jumla mpya ni shilingi 26,000, na kipimo kitasema 104. Redio itatangaza kwamba soko limepanda, na huku kampuni mbili kati ya tatu zimepoteza sehemu moja kwa tano ya thamani yao! Ni kama kupima ng'ombe wote wa boma kwa mizani moja: fahali akinenepa, mizani hupanda ingawa ndama wamekonda.

Fahali wa Nairobi ni Safaricom, yenye hisa karibu bilioni 40. Bei yake ikisogea kidogo tu, NASI husogea pia. Kakuzi au Sasini zikipata mwaka mwema wa parachichi au chai, namba hiyo haitikisiki sana.

Kipo kipimo cha zamani zaidi, NSE 20, cha kampuni 20 tu, ambacho 100 yake ni ya mwaka 1966. Humo kampuni kubwa haipewi uzito kupita ndogo. Kilifika 5,030 mwezi wa Februari 1994. Kwa kuwa vipimo hivi viwili havifanani, yawezekana siku moja kimoja kipande na kingine kishuke, wala hakuna aliyesema uongo.

Tena, kampuni 20 hizo si zilezile daima. Iliyodhoofika huondolewa, yenye nguvu huingizwa. Mwenye hisa hana bahati hiyo. Kampuni ya sukari ya Mumias iliingia sokoni mwaka 2001, na wako wakulima wa miwa walionunua hisa zake. Mwaka 2019 iliwekwa chini ya msimamizi kwa ajili ya madeni, na uuzaji wa hisa zake ukasimamishwa. Soko liliendelea na namba zake kila siku. Wenye hisa hizo walibaki nazo bila pa kuziuza.

Namba hizi pia hazihesabu gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Ni kama kutaja bei ya ng'ombe bila kuuliza anatoa maziwa kiasi gani. Kwa hiyo mwenye kutaka kununua na aulize habari za kampuni yenyewe: ina deni gani, na miaka mitano iliyopita imelipa gawio mara ngapi.

Hisa za chama chako cha ushirika ni jambo jingine; haziuzwi katika soko hilo. Hisa za Nairobi hununuliwa kwa dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, naye ndiye wa kuulizwa ada yake kabla ya kumpa hata shilingi moja.