Wajihi wa Shujaa Juu ya Jalada

Jalada la kitabu limetwikwa kazi mbili ambazo aghalabu hazipatani: kumvuta mpita njia asimame mbele ya kabati la muuza vitabu, na kumweleza kwa uaminifu kilichomo ndani. Riwaya isimuliayo mambo ya Mombasa au ya Tabora huweza kulivumilia jalada baya, kwa kuwa msomaji ana macho yake mwenyewe ya kulisahihishia. Walakini riwaya ya ajabu, yenye visiwa visivyo katika ramani yoyote na watu ambao hakuna aliyepata kuonana nao, haina shahidi ila maneno ya mtunzi na mkono wa msawiri, na mkono huo ukipotoka, maelfu ya wasomaji hupotoka pamoja nao. Vijana wengi wenye kipaji cha kuchora, wawe wangali vyuoni au wamekwisha kuanza kujitafutia riziki kwa wachapishaji, hujizoeza kwa kuitwaa riwaya waipendayo kuliko zote, wakawachora upya wahusika wake na kuitengenezea jalada jipya. Wako wanaoihesabu kazi hiyo kuwa mchezo. Mimi naiona kuwa ni usomaji mkali kuliko wote, na sijui mfano wa kulithibitisha hilo unaopita riwaya ya Mmarekani Ursula K. Le Guin iitwayo A Wizard of Earthsea, iliyotoka mwaka 1968.

Le Guin alizaliwa Berkeley, California, mwaka 1929, binti wa Alfred Kroeber, mwanazuoni mashuhuri aliyetumia umri wake kuandika habari za wenyeji wa asili wa Marekani. Shirika la Parnassus Press, la mji huo huo, lilipomtaka atunge kitabu cha vijana, alianza kwa kujiuliza wale wazee wa hadithi za Ulaya, mabingwa wa sihiri wenye ndevu nyeupe hadi kitovuni, walikuwa watu wa namna gani kabla ndevu hazijaota. Katika swali hilo akazaliwa Ged, mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, mwana wa mhunzi wa shaba, kijana mwenye kipaji kikubwa na kiburi kikubwa zaidi, ambaye kwa kutaka kumwonyesha hasimu wake ubingwa anaufungua mlango wa mauti na kukiachia kivuli kimwandame baharini kote. Naye Ged ni mwekundu wa rangi ya shaba. Sahibu yake Vetch ni mweusi. Na watu weupe wa kitabu hicho, Wakargi wenye nywele za manjano, ndio maharamia wanaokuja kukitia kijiji moto. Mambo hayo Le Guin hakuyatangaza katika ukurasa wa kwanza. Aliyapenyeza kidogo kidogo, neno hapa na neno pale, kwa makusudi kwamba msomaji wa Kizungu awe amekwisha kuingia moyoni mwa Ged, ameogopa naye na kuona haya naye, ndipo atambue kuwa amekuwa akikaa katika ngozi isiyofanana na yake.

Hila hiyo nzuri ya mwandishi, jalada moja tu lingeweza kuivunja. Ruth Robbins, aliyelichora la kwanza, alimwonyesha kijana kwa upande, uso mwembamba wa rangi ya shaba, nao Le Guin aliusifu maisha yake yote. Lakini matoleo yalipozidi na kitabu kuvuka bahari, Ged alianza kupauka, hata akawako Ged mweupe kama msomi wa Oxford, na mtunzi, ambaye zama hizo hakuwa na sauti juu ya majalada ya vitabu vyake mwenyewe, akabaki kulalamika barua kwa barua. Mwezi wa Desemba 2004 idhaa moja ya televisheni ya Marekani ilipoigeuza hadithi kuwa mchezo na kumpa mwigizaji mweupe nafasi ya Ged, mtunzi alichukua kalamu akaukana mchezo huo hadharani.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Wafanya biashara wa vitabu waliamini kwamba uso wa rangi juu ya jalada hauuzi, na kwa kuwa waliamini hivyo hawakuuweka, na kwa kuwa hawakuuweka haukupata nafasi ya kuwasuta. Hiyo ndiyo sababu kubwa. Iko nyingine iliyo ndogo, nayo ni kwamba aghalabu msawiri hakupewa muda wa kusoma. Barbara Remington, aliyeyachora majalada ya toleo la Ballantine la riwaya za Tolkien mwaka 1965, aliifanya kazi kwa kusikia kwa rafiki zake, kabla hajazisoma. Akaweka simba na ndege warefu mfano wa mbuni, ambao mzee Tolkien aliuliza kwa mshangao wametoka wapi. Simba akafutwa baadaye. Simlaumu mama yule, maana majalada yake yalipendwa na yakabandikwa kutani katika vyumba vya wanafunzi. Walakini simba yule ni kielelezo cha picha iliyotangulia kusoma.

Basi msawiri anayetaka kumrudishia Ged uso wake hana budi aanze na penseli na kitabu, wala si na penseli na karatasi tupu. Hukisoma mara ya kwanza kwa raha, kisha hurejea tena akipiga mstari chini ya kila neno lihusulo maumbile: rangi ya ngozi, kimo, makovu ya shavuni aliyoachiwa na kivuli, mnyama mdogo wa manyoya apandaye begani mwake, bakora, joho. Huyanukuu yote katika waraka mmoja pamoja na namba za kurasa, na hapo hugundua mambo mawili ya kumtia wasiwasi. Kwanza, mwandishi ameeleza machache mno kuliko alivyodhani, na mengi aliyokuwa akiyaona akilini aliyaleta mwenyewe kutoka picha za wengine. Pili, mhusika hana sura moja: Ged wa mlango wa kwanza ni mtoto mwenye kelele, na Ged wa baada ya makovu hasemi ila analolazimika kusema. Jalada lina nafasi ya mmoja. Ni yupi?

Hufuata vichoro vidogo visivyozidi ukubwa wa stempu, kumi, ishirini, thelathini, vyeusi vitupu bila macho wala pua, kwa madhumuni ya kupata umbo litakalotambulikana kwa mbali. Na sharti hilo limezidi kuwa zito sasa, maana wanunuzi wengi huliona jalada kwanza katika kioo cha simu, likiwa dogo kuliko ukucha. Papo hapo huachwa mahali pa jina la kitabu na la mtunzi, na ukingo wa milimita tatu wa kukatwa mashineni, ambao mchoraji mgeni wa kazi huusahau mpaka siku atakapoona kidole cha shujaa wake kimekwenda na makapi.

Ndipo inapokuja rangi, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu wengi wenye nia njema huangukia hapa. Ngozi ya shaba haipatikani kwa kuitwaa ngozi ya Mzungu na kuizidishia weusi. Mtambo wa kuchapa huchanganya wino nne, samawati, waridi iliyokoza, manjano na nyeusi, na ile nyeusi ikizidi usoni, mwekundu wa shaba hutoka dukani kama aliyepakwa masizi ya chungu. Kivuli cha shavu lake chataka hudhurungi yenye wekundu ndani yake. Ile nuru ipigayo paji la uso na ncha ya pua yafaa iwe ya baridi, ikikaribia samawati, hasa akiwa baharini chini ya mbingu. Tena kila mtu wa visiwa vile apewe wake: Vetch asiwe Ged aliyekolezwa.

Baharini, nasema, kwa kuwa lau mimi ningaliagizwa jalada hilo ningalimweka shujaa chomboni. Chombo chake kiitwacho Lookfar amekipata kwa mvuvi mzee aliyeponywa mtoto wa jicho kwa sihiri ya Ged, na mzee huyo, kwa shukrani, anamwomba akichoree macho omoni. Jambo hilo msomaji wa Lamu halimshangazi hata kidogo: mitepe ya kale iliyoshonwa kwa kamba pasipo msumari ilikuwa na macho, na majahazi ya huko hata leo huchongwa jicho la duara kila upande wa omo na kutiwa rangi. Mchoraji wa kwetu angalikijua chombo hicho kabla hajafika nusu ya sentensi, ilhali wenzake wa mbali hukipa tanga zuri na kukiacha kipofu.

Mwisho wa maisha yake Le Guin alipata alichokitafuta. Kwa miaka kama minne alifanya kazi pamoja na msawiri Charles Vess juu ya toleo lililokusanya vitabu vyote vya Earthsea katika juzuu moja, Vess akimpelekea vichoro na bibi akivirudisha na maoni, hasa mintarafu ya madragoni, hata wakaafikiana. Alifariki Januari 2018. Juzuu ikatoka mwaka huo huo, miaka 50 tangu riwaya ya kwanza, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Hugo kwa picha zake.

Limebaki fumbo moja ambalo hata Vess hakuweza kutufumbulia sote, nalo ni kivuli chenyewe. Mtu aliyemsoma Shaaban Robert atalifahamu upesi, kwani atakayelichora upya jalada la Adili na Nduguze atakutana nalo: wale manyani wawili wanaopigwa usiku, awape macho ya wanyama, au macho ya ndugu zake Adili, Hasidi na Mwivu, na kwa kufanya hivyo amfichulie msomaji siri kabla hajalipa? Kivuli cha Ged huvaa nyuso za watu mbalimbali kabla hakijatambulikana ni nani, na yeyote atakayekipa wajihi mbele ya kitabu amekwisha kukisimulia. Mimi ningalikitupa nyuma, chini, pembeni mwa bei, doa lisilo na umbo juu ya maji. Wachapishaji, nawajua, wangalinijibu kwamba nyuma ni mahali pa sifa za magazeti.