Je, Wajua? Thamani ya Kasoro

Je, wajua kuwa almasi nyingi za waridi hazina kitu chochote cha kigeni kinachozipa rangi? Ya njano ina naitrojeni, ya buluu ina boroni. Ya waridi ilibanwa na kupindwa ikiwa bado kilindini, safu za atomi zikahama, na kasoro hizo ndizo zinazomeza sehemu ya mwanga. Atomi zenyewe zimejipangaje hasa? Wataalamu wangali wanabishana.

Je, wajua kuwa almasi mojawapo mashuhuri ya waridi ni ya Mwadui, Shinyanga? Iliokotwa Oktoba 1947 ikiwa na karati 54.5, na mwenye mgodi, Mkanada John Williamson, akamtunza Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa mwezi uliofuata. Ilipochongwa ikabaki karati 23.6. Mwaka 2022 almasi nyingine ya waridi ya mgodi huohuo, karati 11.15 tu, iliuzwa mnadani Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57. Kasoro ina bei!

Je, wajua kuwa bila kasoro mhunzi asingepata riziki? Mwaka 1926 Mrusi Yakov Frenkel alipiga hesabu akaona kuwa fuwele kamilifu ingepaswa kuwa ngumu kupinda maelfu ya mara kuliko metali tulizo nazo. Jibu likaja 1934 kutoka kwa watu watatu, kila mmoja kivyake: Taylor, Orowan na Polanyi. Walisema ndani ya fuwele mna miteguko, yaani mistari ambapo safu ya atomi imeishia njiani. Mteguko husogea kidogo kidogo, kama jongoo asiyenyanyua miguu yote kwa mpigo mmoja, kwa hiyo nguvu ndogo inatosha.

Je, wajua urefu wa miteguko hiyo? Katika sentimita moja ya ujazo ya metali iliyofuliwa sana, ukiiunga yote yaweza kufika kilomita milioni 1. Unakwenda Mwezini, unarudi, na chenji inabaki. Ikijaa hivyo hukwamana. Ndiyo maana waya unaokunjwa na kukunjuliwa hukakamaa, kisha hukatika.

Je, wajua kuwa kisu butu huzaa pacha? Kandamiza ukingo wa fuwele ya kalisiti: sehemu yake hugeuka ikawa kama sura ya mwenzake kwenye kioo, bila kuvunjika.

Je, wajua kuwa bati hulia? Bati halisi, si lile la paa, ambalo ni chuma. Likunje karibu na sikio, usikie linavyoalika: ni pacha zinazaliwa.

Je, wajua kuwa kwatzi hutunza ushahidi wa kimondo? Mshindo wake huichora chembe kwa mistari myembamba, sambamba, ambayo mgandamizo wa polepole wa milima hauwezi kuichora. Chembe za namna hiyo zimo katika tabaka la miaka milioni 66 iliyopita, umri uleule wa shimo la Chicxulub, Mexico, na wa kutoweka kwa dinosaria.